Siku Tuliyokula Utafiti wa Manka

Mwakilishi wenu alinipigia simu juzi, kwa adabu kabisa. Shikamoo Madamu, tunaomba uje utupe maneno ya kututia moyo kwenye ritriti. Maneno ya kutia moyo! Miaka yote niliyofundisha jenetiki hapa Moshi sikuwahi kumtia mtu moyo kwa makusudi, na sidhani kama kustaafu kumenibadilisha. Isitoshe magoti yangu hayataki tena kusikia habari za mteremko wa Uru. Kwa hiyo nawaandikia. Atakayewasomea asome taratibu, na ninyi mliokaa nyuma zimeni simu. Ndiyo, nyie hapo.

Kwa walio wageni: kila mwaka wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa jenetiki huacha maabara, wakapanda Uru, huko mlimani juu ya Moshi, kwenye hosteli ya kanisa, wakakaa siku chache. Kila mmoja anaeleza utafiti wake umefika wapi, wenzake wanamuuliza, walimu wanamkosoa, jioni wanatembelea mashamba. Nyie mnaiita ritriti. Mimi naiita kambi, maana ndivyo tulivyoikuta. Nimeisimamia mpaka nastaafu, na kila mwaka ilinipandisha presha.

Jamani, hivi nani aliwafundisha kutengeneza slaidi? Mtu anaweka maandishi ukuta mzima, madogo kama ya kwenye pakiti ya dawa, halafu anatugeuzia mgongo na kutusomea. Tunajua kusoma! Mwingine anaanza na shukrani. Anamshukuru Mungu, anawashukuru wazazi, anamshukuru msimamizi wake, anaishukuru maabara, anamshukuru mchumba, na muda unakwisha hatujajua kama anachunguza mnyama au mmea. Mmoja aliwahi kuweka sampuli za damu ya mbuzi kwenye friji ya jikoni ya hosteli, pembeni ya maziwa ya chai. Nilipomuuliza akasema, "Lakini Madamu, nimeandika jina langu." Jina lake ndilo lingetusaidia nini?

Na hilo la majina nalo lina mambo yake. Andikeni kwa penseli. Nimesema mpaka sauti imekauka. Sampuli ikikaa kwenye spiriti, spiriti ikamwagika kidogo tu, wino wote unaondoka, na wewe unabaki na vichupa vyeupe ambavyo hata mama yake mbuzi hawezi kuvitambua. Penseli haitoki. Ni kitu cha bei ya pipi, lakini kila mwaka lazima aje mtu analia.

Aliyenifundisha mimi alikuwa profesa mmoja wa Kibosho, marehemu sasa, mtu wa sauti kubwa na koti lile lile. Kwenye kambi zake hapakuwa na slaidi. Palikuwa na ubao umeegemezwa ukutani na chaki. Na alikuwa na utaratibu wake ambao tuliuchukia kama nini: hukuruhusiwa kueleza utafiti wako mwenyewe. Ulieleza wa mwenzako. Mwenye kazi anakaa mbele yako kimya, anasikiliza unavyomharibia. Mwaka wa kwanza nilipangiwa jamaa wa mbuzi. Mimi nilikuwa mtu wa mahindi, mbuzi nilikuwa namjua kwa mishikaki. Nilimfuata yule kijana kila alikokwenda, mpaka watu wakaanza kutusema vibaya. Lakini siku ya siku nilisimama nikaeleza, na mpaka leo nikiamshwa usingizini naweza kuwaambia kwa nini baadhi ya mbuzi wa Kahe hawaugui minyoo kama wengine.

Halafu projekta zikaja. Wanafunzi wakalalamika kwamba ule utaratibu ni wa kizamani, unawapotezea muda wa kujinoa. Wakubwa wakauondoa kwenye ratiba. Nilipiga kelele nikaambiwa, "Madamu, dunia imebadilika." Haya. Sasa nawaambia ilivyobadilika.

Palikuwa na binti anaitwa Manka, mzaliwa wa huko huko Uru, mwanafunzi wa uzamivu. Mdogo wa umbo, mkaidi, haongei sana. Yeye alikuwa anachunguza mshare, ile ndizi ya kupikia ya kwetu ambayo bila hiyo hakuna mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, wa kueleweka. Mshare wetu unashambuliwa na ugonjwa wa madoa meusi, majani yanaungua mkungu ukiwa bado mchanga. Manka alitaka kuuzalisha na ndizi mwitu isiyoumwa, apate mtoto mwenye afya ya baba na utamu wa mama.

Kusema ni rahisi. Ndizi ya kula haina mbegu, mnajua. Ili upate mbegu unapanda ngazi alfajiri ua linapofunguka, unalipaka chavua kwa mkono, na unarudia hivyo kwa mamia ya maua ili uje kupata vijimbegu vya kutia kiganjani. Vingi havioti. Vinavyoota unavilea kwenye chupa kama mtoto njiti. Halafu unapanda, halafu unangoja mwaka na zaidi mpaka mgomba uzae. Mzao wake wa kwanza uliangushwa na upepo, mikungu ikiwa michanga. Akangoja machipukizi yaliyofuata.

Mlinzi wa hosteli, Mzee Aloisi, ndiye aliyempa kona ya kihamba, lile shamba la migomba na kahawa nyuma ya jiko. Manka akaitunza ile migomba huku akihangaika na maabara. Majani yalishapimwa, vinasaba vilishasomwa, ugonjwa ulishaonekana hauishiki. Ilibaki sura moja ya mwisho ya tasnifu: kupima mikungu, na kuipika kila aina kwenye chungu chake ili kina mama wa Uru waonje na kusema kama huu ni mtori au ni uji wa mifugo. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwaka ule. Kuna kituo cha kilimo kilikuwa kimemwahidi kazi, sharti amalize. Kila kitu chake kilikuwa kinaning'inia kwenye ile mikungu, aliyoivisha mifuko ya bluu isichubuliwe na ndege, kila mgomba na kibao chake cha namba. Ikakomaa. Akasema, sivuni peke yangu, nitavuna siku ya kwanza ya kambi, wenzangu wote waone.

Sasa mjue Prosper. Mchaga wa Sinza, Dar es Salaam, anayepanda Uru kila Krismasi na suruali mpya. Kijana mchangamfu, mcheshi, maabara alikuwa hodari kweli, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula. Kamati ilitangulia kupanda siku moja kabla yetu. Ndizi walizoagiza Kahe hazikufika, gari lilikufa njiani. Mzee Aloisi alikuwa amekwenda msibani. Prosper akashuka kihambani na panga.

Sisi tulifika mchana, tumechoka, tuna njaa. Tukakaribishwa mtori. Watoto wangu, ule mtori! Mzito, nyama imelainika, umepekechwa vizuri. Nililamba bakuli, nikaongezwa. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Mwaka huu kamati ya chakula mmenifurahisha." Prosper akainua mikono yake iliyokuwa myeusi kwa utomvu akasema, "Mimi Mchaga bwana Madamu, ndizi nazijua." Watu wakapiga makofi. Manka naye alipiga makofi. Alikuwa ameshamaliza bakuli lake.

Tulipotoka mezani Manka akachukua mizani na futi, akatuambia twende. Tukashuka kihambani kwa mstari, tunacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akisimama, nikadhani anatungoja. Kumbe hapakuwa na mgomba uliosimama na mkungu. Mashina yote yalikuwa yamekatwa chini, safi, kama inavyotakiwa. Maana sisi mkungu ukishatoka shina unaliangusha, unalikatakata, unampelekea ng'ombe. Prosper alikuwa amefanya kazi ya Mchaga kamili. Mifuko ya bluu aliikunja vizuri akamwekea Mzee Aloisi dirishani. Vile vibao vya namba alivitia motoni jikoni, maana moto ulikuwa unasuasua.

Manka hakulia. Aliweka mizani chini, akaketi kwenye kisiki, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Nani kavuna?"

Wote walikuwa wanamwangalia Prosper, na Prosper alikuwa anaangalia mikono yake.

"Yeleuwi!" nilisema mimi, na sikumbuki lini tena nimesema hivyo mbele ya wanafunzi. "Prosper! Hukuona mifuko?"

"Niliiona Madamu. Nilidhani ni ndizi za hosteli. Nikasema hawa wanatunza ndizi zao vizuri."

"Na vibao?"

"Nilidhani... sijui nilidhani nini, Madamu."

"Manka ameeleza kazi hii mbele yako mara ngapi? Mwaka jana hukuwepo? Semina za idara hukuwepo? Si alionyesha picha za migomba hii hii, ya shamba hili hili?"

"Nilikuwepo Madamu," akasema. Na hapo ndipo aliponikata maini. "Ila nilikuwa namalizia slaidi zangu."

Nikawageukia wengine. Nikauliza, nani hapa anajua Manka anachunguza nini? Walijikuna. Mmoja akasema ndizi. Ndizi! Tumeshaila ndizi, inajulikana kuwa ni ndizi! Mwingine akasema anadhani ni mambo ya mnyauko. Watu wamekaa chumba kimoja na mwenzao miaka, wamekunywa naye chai, wamemkopa chaji ya simu, na hawajui kuamka kwake alfajiri kulikuwa kwa ajili ya nini. Kamati ya chakula nzima ilimwona Prosper akishika panga na hakuna hata mmoja aliyesema jamani subirini. Nilikasirika, na kwa bahati mbaya tumbo langu lilikuwa limejaa ule mtori, na ulikuwa mtamu.

Tukarudi ukumbini kufanya kikao cha dharura. Kwanza waliunda kundi la WhatsApp la kumpa Manka pole. Mwenzao ameketi nao meza moja, wanamtumia pole kwa simu! Halafu Prosper akainua mkono. Alikuwa amelia, macho mekundu. Nasema haki yake, kijana alikuwa anaumia kweli.

"Madamu, mimi ndiye niliyeibeba yote begani. Naikumbuka. Ule wa karibu na mfereji ulikuwa mkubwa kuliko yote, ulinitegua bega. Ule wa kwenye uzio ulikuwa kamkungu kadogo, hata nilifikiria kuuacha. Naweza kukaa na Manka tukakadiria mmoja mmoja. Na ladha, sote tumeonja. Ulikuwa mtamu. Mbona data ipo?"

Wakaanza kuitikia. Ndiyo, ndiyo, tukadirie, tutamsaidia. Na mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akakohoa akasema kwamba kwa kuwa ni dharura, na kwa kuwa binti ufadhili wake unakwisha, labda si wazo baya sana. Nilifungua mdomo nimmeze. Manka akaniwahi.

Akasema, "Madamu, naomba niseme. Hizi si ndizi za kuandikwa kwenye kitabu kikafungiwa kabatini. Nikiandika kwamba ya mfereji ndiyo bora, mama yangu ataing'oa migomba yake aipande. Majirani zake nao watapanda. Sasa nitawaambia nimejuaje? Prosper aliumwa bega?"

Yule mwalimu mwenzangu akajifanya anatafuta miwani.

"Pembeni ya kila shina lililokatwa pana mtoto wa mgomba amesimama," Manka akaendelea. "Wengine wamenifika kifuani. Ramani ya shamba ninayo, najua kila shina ni aina gani. Nitangoja."

Alisema nitangoja kama mtu anayengoja chai. Lakini mimi nilijua kungoja kule kuna maana gani. Ufadhili ulikwisha kama ulivyopangwa. Tuliandika kuomba aongezewe, tukajibiwa kwa pole. Ile kazi kwenye kituo cha kilimo ilipewa mtu mwingine, maana kituo hakiwezi kukaa na kiti kitupu kwa sababu watu walikuwa na njaa. Manka akaenda kufundisha baiolojia sekondari moja huko Kahe, kwenye joto lile, na kila Jumamosi anapanda Uru kwenye baridi kuangalia migomba. Alikonda. Mama yake alikuja kwangu akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu amefeli nini?" Nikamwambia hajafeli. Akauliza, "Sasa mbona wenzake wanamaliza?" Nikamwagizia chai mama wa watu.

Maana Prosper alimaliza kwa wakati. Alivaa joho, alipiga picha, akazirusha mtandaoni. Msiniulize kama ni haki. Sheria ya chuo haina kipengele cha mtu aliyekula utafiti wa mwenzake.

Ila mimi nilikuwa na sheria yangu. Nilimwita ofisini siku ile ile tuliyoshuka Moshi nikamwambia kila Jumamosi atapanda na Manka, abebe samadi, apunguze machipukizi, aweke nguzo upepo usije ukarudia. Akaanza, "Madamu, nina sura ya tatu..." Nikamwambia, "Kaiandikie mgombani." Mwanzoni alinitumia visingizio: tumbo, mvua, mjomba kutoka Dar. Nikawa nampigia Mzee Aloisi kila Jumamosi saa nne kumwuliza kama kijana kafika. Baadaye sikuhitaji kupiga. Hata alipokwishapata cheti chake aliendelea kupanda, na Mzee Aloisi akaniambia siku hizi anauliza maswali mpaka anachosha.

Kambi iliyofuata nilirudisha utaratibu wa profesa wangu. Sikuomba ruhusa ya mtu. Kila mmoja aeleze kazi ya mwenzake, na asiyeweza asile. Walilia, walinuna, mmoja akasema nakiuka haki zake. Wakaeleza. Vibaya sana, lakini wakaeleza.

Siku ya pili mikungu ikavunwa, safari hii na mwenyewe. Kila mmoja ukapimwa mbele za watu, kila aina ikapikwa kwenye sufuria yake. Kina mama wa Uru wakaja na vitenge vyao vizuri, wakaketi kwenye mabenchi, na Prosper ndiye niliyempangia kuwaeleza kazi ya Manka. Alieleza kwa Kichaga chake cha Sinza, kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini alieleza yote: chavua, chupa, ugonjwa, kwa nini kila sufuria peke yake. Hakukosea kitu. Manka alikuwa ameketi mbele yake kimya, na nilimwona anatikisa kichwa kukubali.

Wakaanza kuonja. Mkungu wa mfereji ulikuwa mkubwa kweli, mzuri wa kupigiwa picha, majani ya mgomba wake hayana hata doa. Mimi mwenyewe nilikuwa naombea huo. Ulichemshwa, ukachemshwa, ukaongezewa maji. Mama mmoja akabonyeza kipande kwa kidole, akakitazama, akakirudisha. "Hii haiivi," akasema. "Ukimpa mzazi aliyejifungua hii utamuua njaa. Mpeni ng'ombe." Mwenzake akaonja, akatema pembeni kwa heshima. Wa tatu hakutaka hata kuonja.

Manka akaandika. Ndiyo aina aliyoitegemea, ameipandia ngazi, imemgharimu kazi na mwaka mzima kwenye joto la Kahe, na aliandika alichoambiwa. Akasogea kwenye sufuria inayofuata. Walipofika kwenye ile ya uzio, ya kamkungu kadogo, kina mama wakamaliza bakuli. Wakaongeza. Mmoja akauliza kama anaweza kupata chipukizi aondoke nalo leo. Hiyo ndiyo mnayoiona sasa kwenye vihamba vya Uru mkipita, na Manka ndiye Dokta Manka anayewafundisha, ambaye nasikia mnasema ana masharti mengi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko naangalia. Prosper akaja akasimama kando yangu, amebeba mwiko. Alikuwa amepauka.

"Madamu," akasema taratibu. "Mwaka jana ningeandika ya mfereji ndiyo ya kwanza. Na ya uzio nisingeiandika kabisa."

"Ndiyo."

"Na wangepanda."

"Wangepanda, Prosper. Na mama yake Manka angekuwa wa kwanza."

Nilimtafutia tusi zuri, nililolihifadhi mwaka mzima, na sikuliona. Nikampokea ule mwiko nikamwambia akaoshe masufuria.